Madirisha, bafa na vichupo ndani ya Vim: mwongozo kamili wa kushughulikia mafaili mengi kwa pamoja

Ukishazoea kufungua faili moja katika Vim, kihariri cha maandishi cha kwenye terminali, kuliandika, kulihifadhi na kutoka, haichukui muda kabla kazi haijakudai mafaili mawili au matatu kwa pamoja. Wengi hapo huanza kutoka na kuingia: anafunga la kwanza, anafungua la pili, anasoma mstari mmoja, anarudi. Wengine hufungua terminali mbili na kuendesha Vim mbili. Njia hii ya pili ina hasara ambayo haionekani mapema: maneno uliyonakili kwa `y` katika Vim moja hayabandikiki kwa `p` katika Vim nyingine, kwa kuwa kila moja ina rejista zake, yaani sehemu za kuhifadhi maneno yaliyonakiliwa. Na ukifungua faili lilelile katika zote mbili, Vim itakutolea onyo la E325 kwamba faili la akiba (swap file) limekwisha kuwapo, na una haki ya kushtuka, maana hapo ndipo maandishi hupotea.

Vim moja inatosha. Ila kabla ya kukariri amri, elewa kwamba kichupo cha Vim si faili. Aliyezoea vivinjari vya intaneti anadhani kila faili lipewe kichupo chake, na fikra hiyo ndiyo inayofanya mtu aione Vim kuwa ngumu kuliko ilivyo.

## Vitu vitatu tofauti

Bafa ni maandishi ya faili yaliyopakiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukifungua faili, Vim inaliweka katika bafa, na chochote unachobadilisha kinabadilika kwenye bafa kwanza. Faili lenyewe kwenye diski haliguswi mpaka uandike `:w`.

Dirisha ni sehemu ya skrini inayoonyesha bafa. Bafa moja inaweza kuonekana katika madirisha mawili, matatu, au isionekane popote.

Kichupo ni mpangilio wa madirisha. Kichupo kimoja kinaweza kuwa na dirisha moja au manane, na ukihamia kichupo kingine unaona mpangilio mwingine kabisa.

Historia ya Vim inaeleza kwa nini mambo yamekaa hivi. Bram Moolenaar aliitoa Vim kwa umma mwaka 1991, ikifuata nyayo za vi, kihariri cha awali cha Bill Joy. Madirisha mengi yaliingia katika toleo la 3.0, mwaka 1994. Kugawa skrini ubavu kwa ubavu kulikuja na toleo la 6.0, mwaka 2001. Vichupo vilisubiri toleo la 7.0, mwaka 2006. Kwa hiyo vichupo viliwekwa juu ya madirisha yaliyokuwapo kwa miaka kumi na zaidi, na ndiyo maana amri za madirisha ni nyingi na zina kina, ilhali za vichupo ni chache.

Inasaidia pia kujua nini ni mali ya nani. Historia ya kutengua mabadiliko (`u`) ni ya bafa: ukitengua katika dirisha moja, maandishi yanabadilika katika kila dirisha linaloonyesha bafa hiyo. Mahali pa kielekezi na orodha ya miruko ya `Ctrl-o` ni vya dirisha. Rejista ni za Vim nzima: ulichonakili popote unakibandika popote, hata katika kichupo kingine.

Maelezo yaliyo hapa chini yanafaa kwa Vim na kwa Neovim, programu iliyochipuka kutoka Vim; zinapotofautiana nitasema. Ikiwa amri kadhaa zinakataliwa, andika `:version` uone unatumia nini, maana katika baadhi ya mifumo ya Linux programu inayoitwa `vi` ni Vim iliyopunguzwa uwezo.

## Hatua ya 1: Andaa uwanja wa mazoezi

Tengeneza folda yenye mafaili matatu madogo, kila moja na mistari michache ya maandishi yoyote:

```
mkdir mazoezi
cd mazoezi
echo "ukurasa wa kwanza" > ukurasa.html
echo "rangi na mtindo" > mtindo.css
echo "hesabu" > hesabu.py
```

Sasa yafungue yote kwa mpigo:

```
vim -O ukurasa.html mtindo.css hesabu.py
```

Herufi `-O` kubwa inayapanga ubavu kwa ubavu. Ukitumia `-o` ndogo yatapangwa moja juu ya jingine. Ukitumia `-p` kila moja litapata kichupo chake. Na usipoweka chochote, `vim ukurasa.html mtindo.css hesabu.py`, utaona faili la kwanza tu, na mengine yatabaki katika orodha yakisubiri. Jaribu namna zote nne, ukitoka kila mara kwa `:qa`. Ile ya mwisho usiidharau. Tutairudia kwenye sehemu ya bafa.

## Hatua ya 2: Gawa skrini

Fungua `vim ukurasa.html` peke yake, kisha andika:

```
:sp
```

Skrini imegawanyika juu na chini, na pande zote mbili unaona faili lilelile. Hii si hitilafu. Hujafungua nakala ya pili. Umefungua dirisha la pili kwenye bafa ileile. Andika neno upande mmoja ulione likijitokeza upande wa pili papo hapo. Kwa faili refu, hii ni moja ya huduma bora za Vim: unaweza kuweka mwanzo wa faili dirisha la juu, mahali ulipotaja majina na vigezo, huku ukiandika mstari wa 900 dirisha la chini.

Kufungua faili jingine katika dirisha jipya, litaje:

```
:sp mtindo.css
:vs hesabu.py
```

`:vs` hugawa ubavu kwa ubavu. Ukitaka dirisha tupu tumia `:new`, au `:vnew` kwa upande wa pembeni. Unaweza kutanguliza namba ili kuamua ukubwa: `:10sp mtindo.css` inakupa dirisha la mistari 10.

Njia za mkato zinaanza na `Ctrl-w`. Shika Ctrl, bonyeza `w`, achilia vyote viwili, kisha bonyeza herufi inayofuata. `Ctrl-w s` ni sawa na `:sp`, na `Ctrl-w v` ni sawa na `:vs`. Kuachilia Ctrl ni muhimu hasa kwa `s`. Ukiendelea kuishika utakuwa umetuma `Ctrl-s`, na baadhi ya terminali huichukua kama agizo la kusimamisha skrini. Ikionekana kama Vim imeganda, bonyeza `Ctrl-q` na itaendelea.

Angalizo jingine: amri hizi ni za hali ya kawaida. Ukiwa bado katika hali ya kuingiza maandishi, `Ctrl-w` hufuta neno lililo nyuma ya kielekezi. Bonyeza Esc kwanza. Na kama unatumia terminali iliyo ndani ya kivinjari cha intaneti, chunga sana, kwa sababu katika vivinjari vingi `Ctrl-w` hufunga kichupo cha kivinjari na kuondoka na kazi yako. Huko tumia amri za maneno, kwa mfano `:wincmd v` badala ya `Ctrl-w v`.

Vim isipoelekezwa vingine huweka dirisha jipya juu au kushoto, na dirisha la zamani linasukumwa chini au kulia. Wengi wetu macho yetu yanatarajia kinyume chake. Weka mistari hii katika faili la mipangilio ya Vim, `~/.vimrc` (kwa Neovim, `~/.config/nvim/init.vim`):

```
set splitbelow
set splitright
```

## Hatua ya 3: Tembea kati ya madirisha

Vitufe vya mwelekeo ni vilevile unavyotumia kusogeza kielekezi. `Ctrl-w h` kushoto, `Ctrl-w j` chini, `Ctrl-w k` juu, `Ctrl-w l` kulia. Mishale nayo inakubalika. `Ctrl-w w` inazunguka dirisha moja baada ya jingine, na `Ctrl-w p` inakurudisha dirisha ulilotoka sasa hivi. Hiyo `p` ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote pale unaposoma upande mmoja na kuandika upande mwingine: huhitaji kufikiria dirisha liko wapi.

Ukiona kubonyeza mara mbili ni kazi, unaweza kufupisha:

```
nnoremap <C-h> <C-w>h
nnoremap <C-j> <C-w>j
nnoremap <C-k> <C-w>k
nnoremap <C-l> <C-w>l
```

Fahamu gharama yake kabla ya kuiweka. `Ctrl-l` kwa kawaida huchora upya skrini iliyochafuka, na katika terminali kadhaa kitufe cha kufuta nyuma hutuma `Ctrl-h`, hivyo ukikibonyeza katika hali ya kawaida utajikuta umehamia dirisha la kushoto.

## Hatua ya 4: Ukubwa na mahali pa dirisha

`Ctrl-w =` husawazisha madirisha yote. `Ctrl-w _` hulipa dirisha ulilomo urefu wote unaowezekana, na `Ctrl-w |` hulipa upana wote. Kwa vipimo kamili tumia `:resize 20` au `:vertical resize 80`. Kwa hatua ndogondogo kuna `Ctrl-w +` na `Ctrl-w -` kwa urefu, `Ctrl-w >` na `Ctrl-w <` kwa upana. Zitangulize na namba, mfano `10` kisha `Ctrl-w >`, usije ukabonyeza mara kumi. Ukiwa na `set mouse=a` katika mipangilio, unaweza pia kushika mstari wa mpaka kwa kipanya na kuuvuta.

Jambo moja linawakera watu bila kujua chanzo chake: umepanga dirisha dogo vizuri, kisha unafungua jingine, na Vim inasawazisha yote upya. Hiyo ni kazi ya mpangilio wa `equalalways`, ambao huwa umewashwa tangu mwanzo. Uzime kwa `set noequalalways`, au lilinde lile dirisha dogo peke yake kwa kuingia ndani yake na kuandika `:set winfixheight`.

Kuhamisha dirisha lenyewe, tumia herufi kubwa. `Ctrl-w H` hulipeleka dirisha kushoto kabisa na kulipa urefu wote wa skrini. `J`, `K` na `L` hufanya hivyo kwa pande zao. Hapa ndipo pa kutatua shida ya kawaida: umeandika `:sp` ukitaka ubavu kwa ubavu. Usifunge. Bonyeza `Ctrl-w L` na mpangilio utageuka. `Ctrl-w x` hubadilishana dirisha hili na la jirani, na `Ctrl-w r` huzungusha madirisha ya mstari mmoja.

Unaweza pia kuamua mahali kabla dirisha halijafunguka. Tanguliza `bo` ili lienee chini au kulia kabisa, `to` kwa juu au kushoto kabisa, `vert` kwa ubavu:

```
:bo 8sp mtindo.css
:vert help split
```

Ya kwanza inafungua dirisha la mistari 8 lililotandaa chini ya madirisha mengine yote. Ya pili inaweka maelezo ya msaada pembeni, mahali yanaposomeka huku ukiendelea na kazi.

Vim ikikujibu E36, nafasi imekwisha. Funga dirisha moja au kuza terminali.

## Hatua ya 5: Bafa, moyo wa jambo lote

Sasa funga kila kitu, kisha ufungue bila herufi yoyote:

```
vim ukurasa.html mtindo.css hesabu.py
```

Unaona faili moja. Andika `:ls`. Orodha itatokea yenye bafa tatu, kila moja na namba. Alama `%` ni bafa unayoitazama, `#` ni ile uliyotoka, `a` ni bafa inayoonekana, `h` ni iliyofichwa, na `+` ni yenye mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa.

Kuhama ni rahisi: `:b 2` kwa namba, au `:b mti` kwa kipande cha jina. Vim itaelewa kwamba ni `mtindo.css` mradi hakuna jina jingine linalogongana nalo, na ukibonyeza Tab italimalizia. `:bn` huenda inayofuata, `:bp` iliyotangulia. `Ctrl-^`, ambayo kwa kibodi nyingi ni `Ctrl-6`, hubadilishana kati ya bafa hii na ile ya `#`. Kwa kazi ya mafaili mawili, mfano msimbo na jaribio lake, kitufe hiki kimoja huondoa haja ya kugawa skrini kabisa.

Katika Vim ya kawaida utagonga ukuta hapa: umebadilisha kitu, unataka kuhamia bafa nyingine, unapewa E37 kwamba hujahifadhi. Dawa yake:

```
set hidden
```

Kwa mpangilio huu Vim inakubali kuficha bafa yenye mabadiliko bila kuipoteza. Neovim huwa imeuwasha yenyewe. Ningeshauri kila mtu auweke siku ya kwanza, kwa sababu bila huo bafa hazitumiki kwa uhuru, na mtu hukimbilia vichupo kwa kukosa njia nyingine.

Kufungua bafa ambayo imekwisha kupakiwa katika dirisha jipya, andika `:sb mtindo`, au `:vert sb mtindo`. Ukiongeza mpangilio wa `set switchbuf=useopen,usetab`, `:sb` itakupeleka kwenye dirisha ambalo tayari linaonyesha bafa hiyo, hata kama liko kichupo kingine, badala ya kufungua la pili.

Kufunga kuna mtego. `:q` na `Ctrl-w c` hufunga dirisha, bafa inabaki. `:bd` hufunga bafa, na pamoja nayo kila dirisha linaloionyesha, na mpangilio wako mzuri unavunjika. Ukitaka kuondoa bafa ila dirisha libaki, hamia nyingine kwanza kisha ufute uliyotoka:

```
:bp | bd #
```

Hii hulinda dirisha ulilomo. Kama bafa hiyo ilikuwa wazi katika dirisha jingine pia, hilo la pili litafungwa.

## Hatua ya 6: Vichupo, kila kazi na meza yake

Chukulia kichupo kama meza ya kazi. Juu ya meza moja umepanga karatasi za shughuli moja. Ukiitwa kwenye shughuli nyingine huzifagii, unahamia meza ya pili.

Tuseme unatengeneza ukurasa: `ukurasa.html` na `mtindo.css` viko ubavu kwa ubavu. Ghafla unahitaji kurekebisha kasoro katika `hesabu.py`. Usikigawe tena kioo kilichokwisha kujaa. Andika:

```
:tabe hesabu.py
```

Mstari wa vichupo unajitokeza juu ya skrini. Ndani ya kichupo hiki gawa utakavyo. Ukimaliza, `gt` inakupeleka kichupo kinachofuata na `gT` kilichotangulia. `1gt` inakupeleka cha kwanza, `3gt` cha tatu. Katika matoleo mapya, `g` ikifuatwa na kitufe cha Tab hukurudisha kichupo ulichotoka. Ukurasa na mtindo utavikuta kama ulivyoviacha, vipimo na vielekezi vyote mahali pake.

Namba unayoiona pembeni mwa jina la kichupo ni idadi ya madirisha yaliyomo, na `+` inaonyesha kwamba kuna bafa ambayo haijahifadhiwa. Wengi huisoma namba hiyo kama namba ya kichupo, kisha wanashangaa `2gt` ikiwapeleka kwingine.

`:tabc` hufunga kichupo, `:tabo` hufunga vingine vyote, `:tabm 0` hukisogeza kichupo hiki mwanzo na `:tabm` hukipeleka mwisho. `:tabs` huorodhesha kilichomo kote. Neno `tab` lenyewe unaweza kulitanguliza mbele ya amri nyingi zinazofungua dirisha: `:tab help windows` hufungua msaada katika kichupo chake.

Kuna mbinu mbili ambazo ukizishika utazitumia kila siku. Ya kwanza, `Ctrl-w T`: dirisha ulilomo linang'olewa hapo na kupewa kichupo chake. Inafaa pale dirisha moja linapogeuka kuwa kazi inayojitegemea. Ya pili, `:tab split`: bafa uliyomo inafunguka katika kichupo kipya kwa ukubwa wa skrini nzima, na dirisha la awali linabaki pale pale. Fanya kazi yako kwa nafasi, kisha `:tabc`, na mpangilio wako wa zamani unakungoja. Hii ni bora mno kuliko `Ctrl-w o`, ambayo hufunga madirisha mengine yote ya kichupo na kukuacha uyapange upya kwa mikono.

Ukiwa unashughulikia miradi miwili, kipe kila kichupo folda yake kwa `:tcd`:

```
:tcd ~/miradi/tovuti
```

Kuanzia hapo `:e` na `:sp` katika kichupo hicho zitaanzia folda hiyo, na vichupo vingine havitaguswa. Kuna pia `:lcd` kwa dirisha moja tu.

Je, unahitaji vichupo vingapi? Kwa maoni yangu, vikizidi vinne au vitano tayari vinatumika kama orodha ya mafaili, na kazi hiyo `:b` inaifanya vizuri zaidi.

## Kufungua faili lililotajwa ndani ya faili

Weka kielekezi juu ya jina la faili ndani ya maandishi, kisha bonyeza `Ctrl-w f`. Faili hilo linafunguka katika dirisha jipya. `Ctrl-w gf` hulifungua katika kichupo. Ikiwa una faili la vitambulisho lililotengenezwa na ctags (programu inayoorodhesha mahali majina ya msimbo yalipofafanuliwa), `Ctrl-w ]` hufungua mahali jina lililo chini ya kielekezi lilipofafanuliwa, na dirisha ulilokuwamo halisogei.

## Kulinganisha mafaili mawili

Fungua mafaili mawili ubavu kwa ubavu, kisha:

```
:windo diffthis
```

`:windo` huendesha amri katika kila dirisha la kichupo hiki, kwa hiyo hakikisha ndani yake mna yale mawili tu. Hii ni sababu nyingine nzuri ya kulipa zoezi hili kichupo chake. Tofauti zitapakwa rangi na mistari inayofanana itakunjwa. `]c` huruka tofauti inayofuata, `[c` iliyotangulia. `do` huvuta mabadiliko kutoka dirisha la pili, `dp` huyasukuma kwenda huko. Ukimaliza, `:diffoff!`. Ukiwa bado nje ya Vim, `vim -d la_zamani.txt jipya.txt` hufanya yote kwa mara moja.

Kuna ulinganishi mwingine usiohitaji rangi. Ikiwa una matini na tafsiri yake, unachotaka ni zote mbili zisogee pamoja unaposoma:

```
:windo set scrollbind
```

Pande zote zianze mstari mmoja kabla ya kuwasha. Kuzima ni `:windo set noscrollbind`.

Ndugu wa `:windo` ni `:bufdo` na `:tabdo`. Kubadilisha neno katika bafa zote zilizo kwenye orodha:

```
:bufdo %s/zamani/mpya/ge | update
```

Herufi `e` huzuia kosa pale neno lisipopatikana, na `update` huhifadhi bafa zilizobadilika tu. `:tabdo` inahitaji uangalifu: hugusa dirisha moja tu la kila kichupo, lile linalotumika. Ukitaka yote, unganisha: `:tabdo windo` kisha amri yako.

## Terminali ndani ya dirisha

Tangu Vim 8.1, ya mwaka 2018, `:term` hufungua ganda la amri ndani ya dirisha. `:bo term` huliweka chini kabisa, mahali pazuri pa kuendeshea majaribio. Katika Vim, `Ctrl-w` inaendelea kufanya kazi humo, kwa hiyo unatoka kwa `Ctrl-w k` kama kawaida. `Ctrl-w N` hukuweka katika hali ya kawaida ili usome na kunakili matokeo, na `i` hukurudisha. Katika Neovim unatoka kwanza kwa `Ctrl-\` kisha `Ctrl-n`, ndipo `Ctrl-w` isikike.

Wanaotumia tmux, programu inayogawa terminali yenyewe, watauliza kama kuna haja. Kwa kuendesha seva na programu za muda mrefu, tmux ina nguvu zaidi, kwani inaendelea hata muunganisho ukikatika. Lakini kwa kugawanya maandishi, tumia madirisha ya Vim.

## Kuhifadhi, kutoka na kurudi

`:wa` huhifadhi bafa zote zilizobadilika. `:qa` hutoka, na hukataa ikiwa kuna kitu hakijahifadhiwa. Itakutajia bafa gani, nawe uende ukaitazame. `:xa` huhifadhi kisha hutoka. `:qa!` hutupa kila kitu, na kwa kuwa sasa una bafa zilizofichwa ambazo huzioni, andika `:ls` utafute alama ya `+` kabla ya kuitumia.

Mpangilio uliochukua nusu saa kuutengeneza haustahili kupotea kwa kuzima kompyuta. Uhifadhi kama kipindi:

```
:mks kazi.vim
```

Siku inayofuata:

```
vim -S kazi.vim
```

Vichupo, madirisha, vipimo na folda vinarudi. Ukibadilisha mpangilio, uhifadhi tena kwa `:mks! kazi.vim`. Kipindi kinakumbuka mafaili yapi yalikuwa wazi na wapi. Hakibebi maandishi ambayo hayajahifadhiwa, kwa hiyo `:wa` itangulie.

Kuna usumbufu mmoja wa vipindi. Umebadilisha `.vimrc`, unafungua kipindi cha zamani, na mabadiliko yako hayaonekani. Chanzo ni kwamba kipindi hubeba pia mipangilio ya siku kilipohifadhiwa, na huisoma baada ya `.vimrc`. Mstari huu unazuia hilo kwa vipindi utakavyohifadhi kuanzia sasa. Vile vya zamani vifungue, rekebisha kilichoharibika kwa mkono, kisha uvihifadhi upya:

```
set sessionoptions-=options
```

Faili la kipindi ni maandishi ya kawaida yenye amri za Vim. Lifungue kwa `:tabe kazi.vim` ulisome, utakutana humo na amri nyingi ulizokwisha kujifunza.